Mama wa sinia: barua ya wazi kwa waandishi na watayarishaji wa tamthilia yetu

Ndugu waandishi, ndugu watayarishaji, na wewe mkuu wa kituo unayetia saini bajeti,

Jumanne iliyopita nilishika saa. Katika kipindi kizima, yule mama mwenye nyumba kubwa, ambaye tumekuwa naye tangu siku ya kwanza, alionekana kwa sekunde 40. Aliingia sebuleni na sinia la vikombe, akauliza, "Mmeshafika?", akainama, akaliweka mezani, akatoka. Kamera haikumfuata. Wale vijana wanne waliojaa kwenye makochi waliendelea kubishana kuhusu hisa za kampuni ya baba yao, mmoja akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na hakuna aliyesema asante.

Sebule ni yake. Hapo ndipo alipomkumbatia mwanawe aliyetoka gerezani. Hapo ndipo alipokaa macho akimsubiri mume ambaye hakurudi, na sisi tukakesha naye, kwa kuwa kipindi mlikikatia pale pale na ikabidi tungoje hadi kesho yake. Leo ni mbeba sinia nyumbani kwake mwenyewe, anawahudumia watu ambao hata hatujui ufunguo waliupata wapi.

Jina la tamthilia sitalitaja. Mnajijua. Nahisi pia kwamba mtazamaji yeyote wa tamthilia ndefu akisoma hapa atadhani naisema ya kwake.

Sina ugomvi na wageni. Tamthilia inayorushwa siku tano kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, hula watu. Waigizaji huzeeka, huugua, hupata kazi nzuri zaidi, hufariki. Wengine wapo lakini hadithi zao zimekwisha: kuna bwana mmoja pale kwenu ameshaoa mara tano, ameshatekwa mara mbili na ameshafufuka mara moja, na akitangaza uchumba tena hata mtoto mdogo anajua harusi itavunjikia mlangoni. Tena wapo wenye matangazo. Nchini Marekani, kwa miongo mingi, tamthilia za mchana zilipimwa hasa kwa wanawake wa miaka 18 hadi 49 wanaozitazama. Kwa kipimo hicho bibi wa miaka 70 anayetazama kila siku bila kukosa hana anachoongeza. Naelewa kwamba mtu mwenye jedwali la namna hiyo mezani ataagiza sura changa. Ningekuwa mimi, huenda ningeagiza pia.

Ugomvi wangu ni mlango waliopitia. Familia nzima ya watu watano mliileta ndani ya wiki mbili, na ilikuja na kila kitu chake: kampuni yake, siri yake, adui yake, hadi daktari wake. Haimhitaji mtu yeyote tuliyekuwa tunamfahamu. Kwa miezi mitatu wamepigana wenyewe, wamependana wenyewe na kusameheana wenyewe, na wakongwe wamekuwa wakipita katikati yao kama wapangaji wa chumba cha nyuma. Hiyo ni tamthilia nyingine iliyopewa muda wa tamthilia yetu.

Sasa niwakumbushe jambo ambalo najua mnalijua kuliko mimi. Tamthilia ya Coronation Street ilipoanza nchini Uingereza, tarehe 9 Desemba 1960, haikuwa na mkongwe hata mmoja. Ingekuwaje naye wakati haikuwa na jana? Mwandishi wake, Tony Warren, alikuwa na miaka 24. Alichokifanya ni kuanza na duka la mtaani linalopata mwenye mpya. Elsie Lappin anayeondoka anamweleza Florrie Lindley anayeingia mteja yupi ni wa kuangalia. Kisha anaingia Ena Sharples, aliyechezwa na Violet Carson, mama wa miaka 62, na badala ya kununua chake aende zake anaanza kumhoji mgeni: mjane wewe? Unasali kanisa gani? Dakika chache tu, na mtazamaji ambaye saa moja kabla hakujua kama mtaa ule upo anahisi wakazi wake wamechokana miaka mingi.

Yaani ukongwe uliandikwa. Haukuletwa na miaka. Na ulijulikana kwa sababu kulikuwa na mgeni wa kuupima, kama vile mgeni alivyopata sura kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumchungulia. Toa mmoja, mwingine anabaki amesimama dukani akipanga makopo.

Katika kipindi hicho hicho kulikuwa na kijana wa chuo kikuu, Ken Barlow, anayewaonea aibu wazazi wake mezani kwa namna wanavyokula na wanavyoongea. Mwigizaji wake, William Roache, alikuwa na miaka 28. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado alikuwa ndani ya nafasi ile ile. Aliyeingia akiwadharau wazee amekuwa ndiye mzee anayedharauliwa, na mtazamaji wa siku nyingi akimwona anafokewa na kijana anacheka kwa sababu anakumbuka ile meza. Kicheko hicho hakinunuliki. Tamthilia fupi ya vipindi vinane inaweza kuwa na bajeti kubwa kuliko yenu, kamera nzuri kuliko zenu, hata waandishi wenye majina makubwa kuliko nyinyi (msinune), lakini haiwezi kuwa na kumbukumbu ya miaka 16 iliyokaa ndani ya kichwa cha mtazamaji. Huo ndio mtaji wenu. Mnaukalia.

Msiseme hamwezi, maana mliwahi. Mnakumbuka kile kipande cha gereji? Kijana mgeni, siku yake ya tatu kwenye tamthilia, amepeleka gari kutengenezwa. Mzee wa gereji yuko chini ya boneti, amepaka grisi hadi viwikoni. Kijana ananyoosha mkono kumpa ufunguo, na mzee anaganda. Anachukua kitambaa, anafuta vidole kimoja kimoja taratibu, halafu anauliza, "Saa ngapi sasa?" Kijana anatazama saa yake ya mkono, ile ya mkanda wa ngozi yenye kioo kilichopasuka pembeni, anamjibu. Mzee anasema, "Ahaa," anarudi chini ya boneti. Basi.

Hapakuwa na muziki. Hamkuturudisha nyuma kwa picha za rangi ya kahawia kutueleza. Lakini sisi tuliokuwepo tulijua ile saa ni ya nani: ya kaka yake huyo mzee wa gereji, yaani mume wa yule mama wa nyumba kubwa, yule yule aliyesubiriwa usiku kucha miaka 11 iliyopita. Kioo kilipasuka siku walipogombana yeye na mkewe, tulikiona kikipasuka. Na aliyeanza kutazama wiki ile hakupoteza kitu. Aliona mzee ameshtuka na kijana hajui kwa nini, akataka kujua. Kipande cha dakika moja na nusu kikawakalisha wa zamani na wa jana kwenye kochi moja. Siku ya pili kila niliyekutana naye alikuwa anaulizia saa.

Halafu mkaiacha. Kijana akahamishiwa kwenye mambo ya hisa na ofisi za vioo, mzee akarudi kutengeneza magari, na hadi leo hakuna aliyeuliza chochote. Sijui kama mwandishi wa kile kipande aliondoka au alikatazwa.

Kuna mnaodhani mkongwe anatakiwa apewe heshima. Mnampa sherehe ya kuzaliwa, mnampa hotuba, mnamkalisha kiti cha mbele harusini. Mhusika hali heshima jamani, anakula kazi. Tarehe 31 Januari 2008 tamthilia ya Uingereza EastEnders ilimpa June Brown, mwigizaji wa miaka 80 wakati huo, kipindi kizima peke yake. Mhusika wake, Dot, alikuwa nyumbani akimrekodia mumewe ujumbe kwenye kaseti baada ya mume kupata kiharusi. Nusu saa, mwanamke mmoja, kinasa sauti kimoja, hasira na mapenzi na woga wa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Mwigizaji wa mume, John Bardon, alikuwa amepatwa na kiharusi kweli, kwa hiyo pengo lilikuwepo hata bila kuandikwa, na waandishi wakalitumia badala ya kulificha. Waigizaji vijana wa tamthilia ile hawakupungukiwa na kitu siku hiyo. Kesho yake walikuwa na hadithi zao kama kawaida.

Na nadhani najua sinia linatoka wapi. Mikataba mingi ya waigizaji wa tamthilia huhesabu vipindi: umeahidiwa idadi fulani, lazima uonekane au ulipwe. Kwa hiyo mkongwe asiye na hadithi anapitishwa mbele ya kamera ili hesabu itimie. Sasa, kama ni hivyo, mpangilieni upya. Mpumzisheni mama mwezi mzima, hatutakufa. Mwambieni amesafiri. Kisha akirudi mpeni wiki sita mfululizo zilizo zake, na zamu ya kupumzika iende kwa wengine, pamoja na hao wa hisa. Afadhali nimkose siku 20 kuliko kumwona sekunde 40 kila siku akiuliza kama wageni wamefika.

Kuhusu kuwaondoa kabisa, hapo kuna makaburi ya kutosha ya kujifunzia. Crossroads ya Uingereza ilianza mwaka 1964 na uso wake ulikuwa Noele Gordon, mwenye hoteli. Mwaka 1981 akafukuzwa kazi, watazamaji wakachachamaa, naye akaondolewa kwenye hadithi kwa kupandishwa meli. Tamthilia haikufa siku hiyo, ilijikokota hadi 1988. Sidai kwamba kuondoka kwake pekee ndiko kulikoiua, ilikuwa na magonjwa mengine, lakini nani alibaki pale wa kukumbuka pamoja na mtazamaji? Afrika Kusini mwaka 2014, waigizaji 16 wa Generations walitimuliwa baada ya mgomo wa malipo. Hao ni karibu kikosi kizima. Iliporudi Desemba mwaka ule ule ikiitwa Generations: The Legacy, miongoni mwa waliorudishwa kuonekana alikuwa mhusika Karabo Moroka, aliyechezwa na Connie Ferguson, ambaye alikuwa ameshaondoka miaka ya nyuma. Hata waliolazimika kuanza upya walijua kwamba lazima awepo mtu mmoja anayetufahamu mlangoni.

Emmerdale ya Uingereza ndio wanaonichanganya. Tarehe 30 Desemba 1993 waliangusha ndege juu ya kijiji chao ili, pamoja na mambo mengine, wapunguze wahusika na kupata nafasi ya wapya. Ukatili mtupu, na ulifanya kazi. Tamthilia ilisimama tena na inaendelea kuishi. Nimejiuliza kwa nini pale ilikubalika. Jibu langu ni kwamba ndege iliwaangukia watu waliokuwa na majirani, na majirani waliendelea kuomboleza. Wapya walikuta majonzi, wakayarithi. Wa kwenu hawakukuta hata vumbi la mtu.

Mgeni mzuri mara nyingi hata hakukusudiwa kukaa. Victor Newman wa tamthilia ya Marekani The Young and the Restless aliletwa mwaka 1980 kwa miezi michache tu, mume katili wa kuchukiwa kisha aondoke. Waandishi wakaona mwigizaji wake, Eric Braeden, anachokifanya, wakambakiza, na miongo ikapita naye yuko. Luke wa General Hospital, ya Marekani pia, aliingia mwaka 1978 kama kaka wa mhusika aliyekuwepo tayari, kazi ya muda. Novemba 1981 harusi yake na Laura ilitazamwa na watu milioni 30. (Uhusiano ule ulianzia kwenye ubakaji, na waandishi wa wakati ule wakaupaka rangi ya mapenzi. Ilibidi mwaka 1998 hadithi irudi kulikabili jambo hilo mbele ya mtoto wao aliyekuwa amekua. Deni la tamthilia ndefu halifutiki, linasubiri tu.) Ninyi mmewapa watano mikataba, mabango na wimbo wao wenyewe kabla hatujawajua majina. Mngemleta mmoja. Mngemgonganisha na mzee wa gereji, na mama, na yule bwana wa ndoa tano, mkaona cheche zinatokea wapi, kisha ndugu zake wakafuata mmoja mmoja wakimtafuta. Neighbours ya Australia iliwaleta Karl na Susan Kennedy mwaka 1994, miaka tisa baada ya tamthilia kuanza. Nenda leo kamwulize shabiki wa Neighbours kama hao ni wageni.

Watazamaji wenzangu na nyinyi msinipigie makofi mapema. Tuna makosa yetu. Kila sura mpya ikitokea tunaitukana kabla haijamaliza sentensi ya kwanza. Tunataka wakongwe wetu washinde kila mgogoro, na waandishi wakitusikiliza tunapata yule bwana wa ndoa tano anayewashinda vijana wa miaka 25 kwa akili, kwa fedha na kwa ngumi, hadi vijana wanaonekana mazuzu. Mkongwe asiyeshindwa anaua tamthilia polepole kama mgeni asiyejulikana anavyoiua haraka. Mimi nataka mama akosee. Nataka ampende mtoto wa watu kwa sababu anafanana na mwanawe, amwamini, kisha kijana amuumize, na siku nyingine kijana awe ndiye aliyekuwa sahihi na mama aombe radhi kwa shida, nusu nusu, akiwa amempa mgongo. Hapo nitampenda huyo kijana bila mabango.

Mwajirini pia mtu wa kukumbuka. Najua mna daftari la wahusika, lakini daftari linaandika tarehe za harusi, haliandiki kwamba mama hakai kwenye kiti cha dirishani tangu mumewe apotee. Alikaa mwezi wa tatu mwaka huu. Nilimwona amekaa, anasoma gazeti, hana habari. Miaka kumi mwigizaji amekizunguka kile kiti kwa ustadi, halafu mwongozaji mgeni akamwelekeza akae kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri upande ule. Mtazamaji yeyote mstaafu angewaambia bure. Mimi mwenyewe ningewaambia bure.

Nimalizie na ile Jumanne, maana sijawasimulia yote.

Nilisema kijana mmoja alinyoosha mkono kuchukua kikombe. Ni yule yule wa gereji. Mkono uliponyooka, shati lilipanda kidogo na saa ikaonekana: mkanda wa ngozi, kioo kilichopasuka pembeni. Nadhani idara ya mavazi ilimvalisha tu kwa sababu ni saa yake ya siku zote. Na mama alikuwa ameinama na sinia, uso wake hatua moja kutoka kwenye ule mkono. Muswada haukuwa na neno lolote hapo, ningeapa. Mistari yote ilikuwa ya hisa.

Nilirudisha nyuma mara tatu nihakikishe. Mwigizaji aliiona. Macho yake yalishuka kwenye saa, yakatulia, sinia likagonga meza kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na mdomo ukafunguka kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Hapo hapo mhariri akakata picha akatupeleka kwa anayezungumzia asilimia za hisa.

Ni mimi, mtazamaji wenu tangu kipindi cha kwanza.